Mama Mlangoni Mpaka Jumatano

Nimemsimamisha mama yangu mlangoni. Mama mjamzito, mimba ya siku za mwisho. Makusudi kabisa. Na wala sio mara moja, nimeifanya kazi hiyo wiki mbili nzima, na leo Jumapili nikaifanya mbele ya usharika wote. Ndiyo maana nipo hapa kwenye baraza la zahanati, nimeshika suruali kwa mkono mmoja, nawaandikia kwa mwingine.

Wagosi, wanaume wenzangu wa darasani, nimekwisha. Nisikilizeni mimi mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu. (Na mtasikia tu. Hapa kijijini Mgwashi habari inatembea upesi kuliko ukungu.)

Kwanza habari za baba. Mnajua baba yangu ana shamba la chai, na mnajua chai ya siku hizi. Unachuma, unabeba, unasubiri kulipwa. Akachoka kusubiri. Baada ya mwaka mpya akashuka Mombo na begi moja, akapanda basi la Morogoro, akapata kazi kwenye mashamba ya miwa. Kazi kabisa, ya mkataba, sio kibarua. Mama mimba yake ilikuwa bado haijaonekana. Wakakaa wakapanga: mtoto akikaribia, baba ataomba ruhusa, atakuja. Rahisi.

Haikuwa rahisi. Wiki mbili zilizopita baba alipiga simu jioni, sote tumezunguka moto, mama akaiweka sauti ya juu.

"Karani wa ofisini kanifungulia sheria," baba akasema. "Mke akijifungua, mwanaume ana siku tatu za likizo na mshahara wake haukatwi. Ila kwa aliyetimiza miezi sita kazini."

"Na wewe unatimiza lini?" mama akauliza.

"Jumatano. Sio hii, sio ijayo. Ile ya baada yake."

"Na huyu akija kabla?"

Nikadhani mtandao umekata, si mnajua huku kwetu. Halafu baba akasema, "Basi nitamwona Krismasi."

Krismasi! Mtoto atakuwa ameshaota meno!

Mama akacheka, akaligonga tumbo lake kama anabisha hodi. "Umesikia huko ndani? Umsubiri karani."

Mama alikuwa anatania. Mimi sikutania.

Niwaambie kitu, halafu mkicheka mcheke mengine, hiki mkiruke. Baba akirudi jioni huwa anapiga mluzi kwenye ile kona ya mkaratusi, kabla hatujamwona. Mluzi mmoja tu, hauna wimbo wowote. Tangu aondoke mbwa wetu anakwenda kwenye kona ile jioni, anakaa, giza likiingia anarudi. Neema, mdogo wangu, anamtukana kwamba ni mbwa mjinga. Mimi sijawahi kumtukana. Na suruali ya baba ya kanisani imebaki msumarini. Mwezi wa tatu nikaanza kuivaa Jumapili. Ni kubwa, naikunja kiunoni halafu nafunga mkanda mpaka tundu nililotoboa mwenyewe kwa msumari. Mfukoni mna maganda yake ya karanga. Sijayatoa.

Basi. Turudi kwenye ujinga wangu.

Bibi yetu, mama yake baba, ana sheria zake kuhusu wajawazito, nyingi kuliko za karani. Kubwa kuliko zote: mwenye mimba hasimami mlangoni. Ama uko ndani, ama uko nje. Ukisimama katikati, na mtoto siku yake ikifika atasimama mlangoni vilevile, hatoki, harudi, anawaza. Mama akisita kidogo tu kizingitini, bibi anapiga kelele utadhani nyumba inaungua.

Mnaona nilikofika? Mimi mtu wa kidato cha tatu! Mimi ambaye mada ya uzazi kwenye Baiolojia ndiyo pekee ninayoifaulu! Nikawaza hivi: kama kusimama mlangoni kunamchelewesha mtoto, basi dawa ninayo. Sio ya kumchelewesha sana. Mpaka Jumatano tu.

Nikaanza kazi. Mama akitoka tu, mguu mmoja nje, mmoja ndani, namwita.

"Mama!"

"Nini?"

"Eti, hii sweta ni ya kufua au ya kuanua?"

"Sweta umeivaa, Eli."

"Aah. Kumbe."

Kesho yake: "Mama, simama hapohapo, kuna mdudu mgongoni." Kesho kutwa: "Mama, hivi wewe na baba mlikutana wapi?" (Hilo lilikuwa zuri. Alisimama mpaka chai ikachemka ikamwagika.) Bibi akiwa jikoni ndiyo nafasi yangu. Pia nikasikia kwamba kutembea sana kunaharakisha, nikachukua ndoo zote za maji mimi. Nikasikia nanasi linaharakisha, nikalila lote mimi. Nikakata majani ya ng'ombe, nikaosha vyombo. Bibi akaanza kuwaambia majirani, "Mjukuu wangu amekua." Mama akawa ananitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji nyingi kuliko hela aliyotoa.

Neema peke yake ndiye hakudanganyika. Siku moja akaniuliza, "Kaka, mbona kila siku mama akifika mlangoni ndiyo unakuwa na maswali?" Nikamnyamazisha kwa kumweleza kila kitu, na muwa. (Kosa la pili. Muwa unaisha, siri haiishi.)

Sasa leo.

Asubuhi mama alikuwa mzito, anatembea ameshika kiuno. Bibi akamwambia abaki nyumbani. Mama akasema anakwenda kumshukuru Mungu mtoto ametulia hivi. (Nikajisikia vizuri! Mjinga mimi!) Tukaenda. Bibi amebeba jogoo wa sadaka, mimi suruali ya baba, Neema kelele.

Kwenye mahubiri nikamwona mama ameshika benchi la mbele kwa mikono yote miwili, macho amefumba, anapumua kwa mdomo. Nikasema moyoni, leo mchungaji amemgusa.

Ibada ikaisha. Mnajua tunavyotoka: kwaya inaimba, watu wanatoka kwa mstari, tunazunguka duara pale nje, tunaomba, halafu mnada wa sadaka, kuku, ndizi, mayai, kabichi. Mama akakimbilia kutoka kabla ya kwaya. Mama hajawahi kukimbilia mnada. Ningekuwa na akili ningejiuliza.

Sikujiuliza. Nilichoona mimi ni mlango. Mlango mkubwa! Wa mbao, wa mabawa mawili! Nikawaza, mlango wa nyumbani kama unachelewesha kwa siku moja, huu si utatufikisha Alhamisi?

Nikampita, nikageuka, nikatoa simu yake mfukoni mwangu.

"Mama! Simama hapohapo! Nikupige picha tumtumie baba."

"Nje huko, Eli."

"Hapana mama, hapo mlangoni kuna mwanga mzuri." (Mwanga gani? Nje ukungu umefika mpaka kwenye kengele.)

Mama akasimama. Wagosi, alisimama kwa sababu nimesema ni ya baba. Akarekebisha na kitambaa cha kichwani. Nyuma yake kwaya imefika, haina pa kupita, ikawa inaimba ikikanyaga palepale. Nyuma ya kwaya mchungaji. Nyuma ya mchungaji watu wote.

"Kijana, msafara!" mzee mmoja wa kanisa akasema.

"Moja tu, mzee. Mama, tabasamu."

Mama hakutabasamu. Alitazama chini. Na mimi nikatazama chini. Maji. Yamemwagika kizingitini, yakaja taratibu mpaka kwenye viatu vyangu.

Mama akasema, kwa sauti ileile anayoombea chumvi, "Eli. Mtoto anakuja."

"Mtoe mlangoni!" Bibi huyo, kutoka katikati ya watu, jogoo juu ya kichwa. "Jamani, mtoeni mlangoni! Nani amemsimamisha mlangoni?"

Na hapo, nyie, hapo ndipo mdogo wangu, damu yangu, niliyemlisha muwa, akapanda juu ya benchi.

"Si ni kaka! Kila siku anamsimamisha mama mlangoni! Anataka mtoto asitoke mpaka Jumatano!"

Kwaya ikanyamaza. Sauti ya kwanza ikanyamaza, ya pili, ya tatu. Besi mmoja aliendelea kidogo halafu naye akaelewa.

Mchungaji akaniuliza, taratibu kabisa, "Kwa nini Jumatano?"

Kimya kingeniokoa. Mimi nikajibu.

"Ndiyo siku baba anatimiza miezi sita kazini, mchungaji." Nikaongeza na "shikamoo". (Tulishaamkiana asubuhi.)

Sikumbuki nani alianza kucheka. Ninajua tu kwamba Upendo wa sauti ya kwanza alicheka, na mnajua wenyewe nimehudhuria mazoezi ya kwaya mwaka mzima kwa ajili ya nini. Sina hata sauti.

"Kijana," yule mzee akasema, "mtoto hana kalenda."

Pikapu ya kabichi ilikuwepo, imeleta mzigo wa mnada. Mama akawekwa mbele, sisi nyuma juu ya kabichi. Ndiyo bibi akaanza kunitibu. Akahamia Kishambaa, na bibi akihamia Kishambaa hakuna rufaa. Kwa kifupi: mimi ndiye niliyemfunga mtoto, mimi ndiye nitakayemfungua. Kila kilichofungwa kwenye mwili wangu kifunguliwe. Kamba za viatu, nikafungua. Vifungo vya shati, nikafungua. Akampigia jirani simu afungue milango yetu yote, madirisha, sanduku, na mbuzi. (Mbuzi ameshakula mboga za jirani. Hiyo kesi ya kesho.)

"Na mkanda," bibi akasema.

"Bibi, mkanda hapana. Hii suruali ni ya baba."

"Unataka mama yako ateseke?"

Nikafungua mkanda. Akauchukua kabisa, akauweka kwenye mkoba wake. Halafu akanikabidhi jogoo. "Huyu ni sadaka, hajanadiwa bado. Akitoroka, umemwibia Mungu."

Tukafika. Nesi akamchukua mama, bibi akaingia naye, Neema akaachwa kwenye benchi. Mimi nikabaki barazani. Mkono wa kulia jogoo wa Mungu, wa kushoto suruali ya baba, kifua wazi, na mwezi wa saba huu mnaujua baridi yake. Nikasema afadhali hakuna anayeniona.

Nusu ya kwaya ikatokea kwa njia ya mkato. Wamekuja kumwombea mama. Upendo yupo mbele.

"Bwana asifiwe, Eli," akasema.

"Amina," nikasema, nikavuta suruali.

Na hapohapo simu ikalia. Iko mfukoni mwa shati. Nikainama nikasoma kioo: BABA ELI.

Sasa nifikirieni vizuri. Mikono ni miwili. Baba anapiga akipata mtandao na akipata mapumziko, na vitu hivyo viwili huwa havikutani. Nisipopokea leo, labda Jumapili ijayo. Simu inalia mara ya tatu. Ya nne. Jogoo simwachii, ni wa Mungu.

Nikaachia suruali.

Haikushuka taratibu, wagosi. Suruali ile ni nzito. Ilifika chini kama gunia. Chini yake nilivaa bukta ya njano ya mpira, ile iliyochanika tulipocheza na wa Bumbuli. Kwaya nzima ikageuka kutazama mlima. Kwa heshima. Mabega yanatikisika.

"Haloo! Shikamoo baba!"

"Marahaba. Mbona unahema? Mama yako yuko wapi?"

"Yuko ndani, baba. Zahanati."

"Ameanza?" akauliza, polepole.

"Ameanza. Baba, nisamehe. Nimejaribu kumzuia afike Jumatano. Nimemsimamisha mama milangoni wiki mbili. Haikusaidia. Na suruali yako imenivuka mbele ya kwaya."

Sijui alielewa kipi. Kabla hajajibu, dirishani kukatoka sauti. Ndogo, kali, yenye hasira, kama mtu aliyeamshwa kwa makosa.

"Nini hicho?" baba akauliza.

"Ndiye yeye."

Nikainua simu juu kabisa, nikaielekeza dirishani. Nikasimama hivyo: simu mkono huu, jogoo mkono huu, suruali miguuni. Mtoto akalia. Jogoo naye akawika. Hakuna aliyecheka sasa. Upendo alikuwa anafuta macho, ingawa siwezi kuapa kama yalikuwa ya huzuni.

Niliporudisha simu sikioni baba alikuwa anakohoa kile kikohozi cha kujisingizia.

"Mkali huyo," akasema. "Kama bibi yako."

"Baba, sasa ni Krismasi tena."

"Nani kasema?"

"Wewe! Miezi sita!"

"Eli. Nilirudi kwa karani juzi, tukaisoma mpaka mwisho. Zile siku tatu zinachukuliwa ndani ya wiki moja tangu mtoto azaliwe. Amezaliwa leo Jumapili. Jumatano natimiza. Wiki haijaisha. Alhamisi alfajiri niko kwenye basi."

Nilikaa chini. Juu ya suruali.

Kwa hiyo mtoto angekuja leo, baba anakuja. Angekuja kesho, baba anakuja. Nimebeba maji wiki mbili! Nimekula nanasi zima mpaka ulimi ukatoka vidonda! Nimeumbuka mbele ya mchungaji, kwa likizo ambayo ilikuwa inakuja yenyewe!

"Mbona hukutuambia?"

"Napiga tangu juzi. Mama yako hapatikani."

(Simu nilikuwa nayo mimi. Nilikuwa naizima ili isiishe chaji, niwe tayari kwa picha za mlangoni. Msiseme kitu.)

"Hiyo suruali," baba akasema. "Ile ya kanisani?"

"Ndiyo."

"Inakutosha?"

"Bado."

Mtandao ukakoroma. Nikadhani amekatika. Halafu nikasikia, "Basi usikue kabla sijafika." Na hapo ukakatika kweli.

Nikatia mkono mfukoni mwa suruali, maganda ya karanga yapo. Nikaipandisha nikaikamata. Upendo akaja, akamchukua jogoo mikononi mwangu, akaenda naye kwa wenzake. (Naandika hili kama ushahidi. Amenisaidia. Mbele ya watu.)

Bibi akatoka, uso unang'aa. Msichana. Nesi anasema huyu mtoto hakusimama mahali popote, amekuja moja kwa moja. Nikamwambia bibi, kwa heshima zote, kwamba basi habari ya mlango ni uongo. Bibi akanitazama kwa huruma. "Mlango wa kanisa ni mwingine," akasema. "Ule hauzuii mtu." Bibi hashindwi na ushahidi.

Nikaenda kumwona mama. Neema alishatangulia, ameganda kitandani, anamtazama mtoto kama mzigo uliokuja kutoka Dar. Mimi sikuweza kuingia. Nilifika mpaka kizingitini, miguu ikakataa. Aibu. Nilikuwa na hotuba ya msamaha, imepotea. Nikasema tu, kutoka palepale, "Mama, baba anakuja Alhamisi."

Mama alikuwa amechoka, kitambaa cha kichwani kimelegea, uso umelowa jasho. Akanitazama miguu, akanitazama mkono ulioshika suruali. Akatabasamu lile tabasamu la picha ya kanisani, ile ambayo sikuipiga.

Naomba mcheke leo mmalize, Jumatatu nakuja shule. Alichosema mama ni hiki, neno kwa neno:

"Basi toka hapo mlangoni, utamchelewesha."